Nguzo ya Nyumba ya Mutindi

Siku Mutindi alipochoma kisu cha jikoni kwenye nguzo ya katikati, kisu kiliingia mpaka mpini, laini, kama kinaingia kwenye boga lililopikwa. Akakichomoa. Unga mwekundu wa mchwa ukamwagika juu ya vidole vyake vya mguu. Alisimama palepale, kisu mkononi, akatazama juu. Paa lote la nyumba ile, fito na nyasi zake zote, lilikuwa limekaa juu ya nguzo hiyo moja, na nguzo yenyewe sasa ilikuwa ganda tupu.

Hakumwambia mtu. Alichukua udongo mbichi akaziba tundu la kisu, akalisawazisha kwa kidole gumba. Lakini unaweza kuziba tundu, huwezi kuziba macho ya shemeji.

Hayo yalikuwa Kanyangi, upande wa Kitui, mwaka wa pili baada ya nzige kupita. Mumewe Mutindi, Kiema, alikuwa amekufa kwa kifua mwaka uleule wa nzige, akamwacha na binti mmoja tu, Nthenya, aliyekuwa ameolewa mbali, Makindu kwenye reli. Mtoto wa kiume hakuwapo. Na shamba la Kiema, nawaambia, halikuwa shamba la kudharau. Liliteremka mpaka kwenye mto wa mchanga, mahali ambapo hata mwezi wa tisa ukichimba kwa urefu wa mkono unapata maji. Pale palikuwa na miwa na viazi vitamu wakati majirani wanachimba mizizi. Ndugu yake Kiema, aliyeitwa Nzomo, alikuwa na shamba lake juu mlimani, na mavuno yake makubwa yalikuwa mawe.

Nzomo alianza kwa maneno laini.

"Mke wa ndugu yangu, nyumba yako imeinama. Nimeiona nikiwa kule juu. Siku moja itakuangukia, na watu wataniuliza mimi nilikuwa wapi. Njoo uishi kwangu. Kuna nafasi nyuma ya ghala."

"Nyuma ya ghala lako si ndiko wanakolala mbuzi, shemeji?"

"Na mbuzi wangu wanalala pakavu," Nzomo akasema, bila kucheka.

Mutindi alijua maana ya nafasi ile. Ni kusagia watu wa Nzomo unga mpaka mikono iote magamba, na kuangalia kwa mbali mwana wa Nzomo akivuna miwa ya Kiema. Akakataa. Nzomo naye akapeleka shauri kwenye nzama, baraza la wazee wa ukoo.

Msemaji wa nzama alikuwa mzee Ndululu. Huyu alikuwa mzee mwembamba, mpenda nyama, mwenye kichwa kilichokuwa ghala la faini. Ukimwuliza mtu aliyempiga mama yake kwa kijiti hulipa nini, na kwa fimbo hulipa nini, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Wazee walikaa asubuhi nzima, kisha Ndululu akatoa neno.

"Nyumba ya Kiema iko hai kama moto wake haujazimika na paa lake halijashuka. Mwanamke ana haki ya kutengeneza nyumba. Azibe, apake, abadilishe nyasi, hiyo ni kazi yake tangu zamani. Lakini kujenga ni kwa mwanamume wa nyumba. Paa likishuka, hata kwa nusu siku, hapo si kutengeneza tena, ni kujenga, na kwa Kiema hakuna mwanamume. Basi mjane atahamia kwa Nzomo. Mvua ya kwanza ikinyesha, kesho yake asubuhi tutakuja. Tukikuta moto unawaka na paa liko juu, atakaa kwake, na asisumbuliwe tena."

Nzomo aliitikia haraka mno. Mwezi wa tisa ulikuwa unaisha, na yeye alikuwa ameshaitazama nyumba ile vizuri.

Sasa mtu mwingine angekaa chini akalia. Mutindi alikuwa na mbuzi wawili, jike na beberu, panga moja, jembe lililolika nusu, na mikono yake. Alianza na vitu visivyonunuliwa. Alibomoa kichuguu kilekile kilichokuwa kimetuma mchwa nyumbani kwake, akaponda udongo wake, akauchanganya na samadi na majivu, akapaka ukuta wote ndani na nje mpaka ukang'aa kama chungu kipya. Alichimba mfereji upande wa juu ili maji ya mlimani yapite kando. Alibeba mawe ya mtoni, kikapu kwa kikapu, akajenga kibaraza kuzunguka ukuta, ili matone ya paa yasirushe tope kwenye udongo. Na paa alilitengeneza kama mtu anayetoa mvi kichwani. Alichomoa nyasi iliyooza konzi moja, akaingiza mpya konzi moja, hakuacha mwanya unaozidi kiganja.

Mumbua, jirani yake, mwanamke mwenye mabega ya ng'ombe na mdomo usiofungwa kamba, alipita njiani akasimama.

"Mama Nthenya! Mbona unajipamba hivi? Unaolewa tena?"

"Naolewa na hii nyumba."

"Afadhali hiyo. Haitakuomba chakula."

Walicheka, lakini Mutindi alicheka huku ameangalia juu. Kila siku nyumba ilizidi kupendeza, na kila siku nguzo ilizidi kuisha. Alikuwa akisikia mchwa wanatafuna anapokaa kimya, tss, tss, tss, kama mtu anayecheka kwa chinichini. Alimtumia binti yake habari kwa mdomo wa Mursal, Msomali aliyekuwa akipeleka ng'ombe kwenye reli. Maneno yalikuwa mafupi: "Nguzo imekwisha. Njoo na mume wako kabla ya mvua."

Mume wa Nthenya aliitwa Musembi. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili kwa fundi Kalasinga pale Makindu, akijua kutia milango, kunyanyua mapaa, na kupiga msumeno ukaenda sawa na uzi. Walitembea siku mbili, wakavuka mto Athi maji yakiwa kidogo, wakafika Kanyangi na msumeno umefungwa kwenye gunia. Fundi alikuwa amempa ruhusa ya siku saba tu, na nne kati yake zilikuwa za njiani.

Shida ni kwamba mtu ambaye Mutindi alimhitaji kuliko wote ndiye mtu ambaye hakuruhusiwa kumwona. Wakamba wana heshima wanayoiita nthoni. Mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawakai chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Miaka minne Nthenya alikuwa ameolewa, na Mutindi alimjua mkwe wake kwa mgongo na kwa kikohozi. Nthoni hiyo inaweza kuondolewa kwa mbuzi na blanketi, lakini Musembi wakati ule hakuwa na mbuzi wala blanketi.

Basi Musembi alisimama nje, nyuma ya ukuta, ametazama bonde. Mutindi alikaa ndani karibu na mafiga. Nthenya akawekwa katikati kama daraja.

"Mwambie mama yako agonge nguzo kwa mpini wa jembe," Musembi akasema. "Aanzie chini."

"Mwaitu, gonga chini," Nthenya akamwambia mama yake, ingawa maneno yalikuwa yamepita ukutani bila msaada wake.

Mutindi aligonga. Pu.

"Juu kidogo."

Pu. Pu. Mpaka alipofika usawa wa kichwa ndipo nguzo ikajibu: ko.

Musembi alihesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Imekufa kuanzia mguuni mpaka shingoni. Nashangaa inasimama. Dawa yake ni kushusha paa, kuweka nguzo mpya, na kulirudisha. Ni siku moja na nusu."

Mutindi alikuwa na yule mbuzi jike pale mlangoni. Akamgeukia mbuzi.

"Wewe mbuzi, kama kuna fundi wa reli anakusikia, mwambie paa likishuka mimi nimehama."

"Basi mama akae kwa jirani," Musembi akauambia ukuta, "niingie mimi nibadilishe nguzo, paa likiwa juu."

"Mbuzi, muulize moto atautunza nani. Moto wa nyumba hutunzwa na mwenye nyumba. Nthenya ni mtu wa moto mwingine sasa. Na muulize, mtu wa ukoo mwingine akisimamisha nguzo hapa, Nzomo atasemaje?"

Wote watatu walijua jibu. Nzomo angesema nyumba ya Kiema imekufa na nyumba ya ukoo wa mkwe imejengwa mahali pake.

Musembi alikaa nje kwa muda mrefu, akichora mchangani kwa kijiti. Alichora duara, akachora nukta nne ndani yake, akafuta, akachora tena. Mwishowe akamwita mkewe.

"Nitakata kila kitu mimi. Lakini watakaoingia ni wanawake. Kutengeneza ni haki yao, si ndivyo mzee alivyosema? Mimi nitakuwa nje. Nitakuwa mdomo tu."

Siku hiyo alikata mti wa muuku, mti ambao mchwa huuonja na kuuacha, akachoma mguu wa nguzo hiyo mpya kwa moto mpaka ukawa mweusi. Akakata mihimili minne yenye panda. Akachonga kabari kumi na mbili za mbao ngumu, za kugongwa chini ya mihimili ili inyanyue paa. Akachagua jiwe bapa la mtoni la kukalisha nguzo, ili mguu wake usiguse tena udongo. Kisha akamfundisha Nthenya pale mchangani, kabari hii hapa, hii pale, gonga kwa zamu, usigonge mbili upande mmoja, mpaka Nthenya akakasirika. "Nimesikia! Mimi si mbao!"

Kesho yake Mumbua alileta mwethya, kikundi cha wanawake wa kusaidiana, saba kwa hesabu yake yeye mwenyewe akiwamo. Mutindi alikuwa amewapikia uji wa mtama na sufuria ya kunde. Walikunywa wamesimama, kwa sababu wingu la kwanza lilikuwa limetokea mashariki, jeusi chini, na upepo ulikuwa umeanza kugeuza majani.

Na Nzomo alikuja pia. Alisimama mwisho wa uwanja, anatafuna mswaki.

"Karibu, shemeji," Mutindi akasema. "Umekuja kusaidia?"

"Nimekuja kuangalia tu."

"Macho hayajengi," Mumbua akatupa neno.

"Wala wanawake," Nzomo akajibu, akaendelea kutafuna.

Wakaingia. Ndani mlikuwa na giza na joto, moto ukiwaka kidogo kati ya mafiga, mihimili minne imesimamishwa kuzunguka nguzo, panda zake zimeshika mzunguko wa fito zilizobeba paa. Kila mhimili ulikuwa na wanawake wawili, isipokuwa wa mlangoni. Huo aliushika Mumbua peke yake, kwa sababu ya mabega yale. Nthenya alikaa katikati na nyundo. Mutindi alikaa na moto.

"Kabari ya mlangoni, mara mbili!" Musembi aliita kutoka nje, sikio lake limebanwa ukutani. "Sasa ya mafiga, mara mbili! Ya kitandani! Polepole. Nasikia linapanda."

Paa lilipanda. Lilipanda unene wa kidole, likilia kama mlango wa zamani, na vumbi la miaka kumi na tano likawashukia vichwani. Nthenya akakata nguzo kuukuu kwa msumeno. Haikuhitaji kukatwa sana. Ilivunjika vipande vitatu mikononi mwake, na ndani ilikuwa nyeupe kwa mchwa waliokuwa wakikimbia huku na huku kama watu waliovunjiwa soko. Kwa muda huo nyumba ya Kiema haikuwa na nguzo. Ilikuwa imesimama juu ya wanawake.

"Leteni mpya! Kichwa kwanza!"

Nguzo ya muuku ikaingia mlangoni, imelazwa, ikanyanyuliwa, kichwa chake kikaingia mahali pake. Mguu wake ukaburutwa kuelekea kwenye jiwe. Ilibaki upana wa vidole viwili. Vidole viwili tu, na upepo wa lile wingu ukafika.

Uliingia chini ya nyasi, ukalisukuma paa upande mmoja. Mhimili wa mlangoni ukateleza. Mumbua akapiga yowe, akauzuia kwa bega. Paa likaanza kushuka. Vumbi na udongo vikamwagika juu ya Nthenya, naye akafungua kinywa ili aseme, akakohoa, akakohoa, neno halikutoka.

"Nthenya!" Musembi aliita. "Ni upande gani? Nthenya!"

Kikohozi tu.

"Nthenya, sema!"

Mutindi aliona yote. Aliona kabari iliyochomoka imelala karibu na mguu wa Mumbua. Alijua jibu. Alichotakiwa kufanya ni kusema neno moja, na kwa miaka minne hakuwa amemwambia mkwe wake neno lolote. Akatazama mlangoni, mbuzi hayupo. Basi akapaza sauti.

"Ni mlangoni! Musembi, mwanangu, ni wa mlangoni!"

Wanawake walishtuka hata chini ya mzigo. Na kabla mshtuko haujaisha, Musembi alikuwa ameinama akapita mlangoni, akasimama kando ya Mumbua, akaweka mabega yake chini ya fito, akanyanyua. Mishipa ya shingo yake ilimtoka. Paa likasimama. Likarudi juu kidogo.

Hapo Mutindi akauona uso wa mkwe wake, hatua moja kutoka kwake. Ulikuwa uso wa kijana kuliko alivyodhani, umejaa vumbi, na macho yamefumbwa. Amebeba paa zima, na bado ameyafumba kabisa, kama mtoto anayeogopa kuona.

"Mguu wa nguzo," alisema huku amekaza meno. "Mtu ausukume. Upesi."

Lakini mtu nani? Kila mkono ndani ya nyumba ile ulikuwa umeshika kitu. Nthenya amekumbatia nguzo isianguke. Aliyebaki na mikono mitupu alikuwa mmoja. Mutindi aliinuka pale kwenye moto, akajishikilia ukutani, akaupiga mguu wa nguzo kwa unyayo. Haukusogea. Akaupiga tena. Ukasogea kidole kimoja. Mara ya tatu aliupiga kwa nguvu zote alizokuwa ameziweka tangu Kiema azikwe, kitu kikavunjika kwenye kidole chake cha mguu, na nguzo ikaruka ikakaa juu ya jiwe. Ko.

Paa likatulia. Kabari zikarudishwa, zikagongwa, kila kitu kikashika. Ndipo Mumbua akasema kwa sauti ndogo isiyo yake, "Moto."

Mafiga yalikuwa yamefunikwa na udongo wa nguzo kuukuu. Hakuna mwanga, hakuna moshi. Mutindi alijitupa kwa magoti, akachimba kwa vidole, udongo baridi, udongo vuguvugu, majivu, akachimba zaidi, akaungua, na maumivu yale yakamfurahisha. Kaa moja, kubwa kama punje ya hindi. Alilifunika kwa viganja, akapuliza kidogo, akaogopa kupuliza, akapuliza tena. Nthenya alimpa nyasi kavu mkononi bila kuulizwa. Moshi mwembamba ukapanda. Kisha mwali.

Musembi wakati huo alikuwa akitafuta mlango, macho bado yamefumbwa. Akakigonga kizingiti cha juu kwa paji la uso, ko, na wanawake saba waliokuwa karibu kulia wakaangua kicheko mpaka wakakaa chini.

Nzomo hakucheka. Alitema mswaki.

"Nimeona," alisema kutoka uwanjani. "Mtu wa ukoo mwingine ameingia. Wazee watasikia."

Mvua ilinyesha kabla ya jua kutua.

Asubuhi, uwanja ukiwa bado unatiririka, Mumbua alifika kabla ya wazee.

"Mama Nthenya, nisikilize. Wakiuliza, sema tuliisimamisha sisi sote. Wanawake tisa. Nani atatutoza faini sote tisa?"

Mutindi alikuwa akifunga kidole chake kwa kitambaa. Neno lilikuwa zuri. Lingeweza kupita. Lakini Nzomo ameona kwa macho, na nyumba ikianza na uongo mmoja, kila mvua itataka mwingine. Akakaza fundo la kitambaa.

Wazee watano waliingia, Ndululu mbele. Nzomo alikuwa nyuma yao, na Musembi alisimama nje nyuma ya ukuta, mahali pake. Ndululu aliutazama moto. Akanyoosha mkono juu yake akaona joto. Akatazama paa, nyasi ya zamani na nyasi mpya zimechanganyika. Kisha akaifikia nguzo, akaipapasa kutoka juu mpaka chini, akasimama pale kwenye jiwe.

"Nguzo hii si ya Kiema."

"Si yake," Mutindi akasema.

"Nani aliisimamisha?"

"Mkwe!" Nzomo akaingilia. "Nilimwona akiingia! Nyumba ya ukoo wetu imesimamishwa na watu wa Makindu!"

"Sikukuuliza wewe, Nzomo. Mama Nthenya?"

Mutindi alimtazama Mumbua, akamtazama binti yake. "Mkwe wangu aliingia, ni kweli. Upepo ulitaka kulishusha paa, nikamwita kwa jina. Alishika paa. Nguzo niliisimamisha mimi. Kwa mguu huu."

Akaunyoosha mguu wake. Kidole kilikuwa kimevimba, cheusi kama kunde.

Wazee walianza kunong'ona. Ndululu aliusogelea ukuta. "Wewe huko nje! Uliigusa nguzo?"

"Sikuiona hata, mzee," sauti ya Musembi ikajibu. "Nilifumba macho."

Mzee mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Nzomo alipandwa na hasira. "Basi ni vibaya zaidi! Mwanamke kusimamisha nguzo ni mwiko! Imesikiwa wapi?"

"Haijasikiwa," Ndululu akakubali.

Mutindi aliangalia vyombo vyake. Alianza kufikiri ni vitu gani angebeba kwanza, chungu au jembe.

"Haijasikiwa," Ndululu akarudia, amefumba macho, akitafuta katika ghala lile la kichwa chake. "Mwanamke aliyevunja chungu kwa hasira, mbuzi. Mwanamke aliyempiga mume kwa mwiko wa kupikia, mbuzi na pombe. Mwanamke aliyesimamisha nguzo..." Akafungua macho. "Nzomo, faini yake ni nini?"

"Mimi nitajuaje?"

"Baba yako aliwahi kuitaja? Na wewe, Mzee? Na wewe?" Kila mmoja alitikisa kichwa. "Basi jambo lisilo na faini si mwiko. Ni jambo ambalo halikuwa limetokea. Sasa limetokea, na ni kazi yetu kuliwekea faini. Nasema beberu mmoja, aliwe hapahapa leo, na nguzo ipakwe mafuta yake, iwe nguzo ya Kiema kama ile ya kwanza. Mkwe naye amemwona mama mkwe..."

"Alifumba macho," Mumbua akasema.

"Amesikiwa, basi! Ataleta mbuzi na blanketi akipata. Atakapoleta, wasalimiane kama watu." Akamgeukia Nzomo. "Na beberu huyu atachinjwa na ndugu wa marehemu, mlangoni, kama desturi."

Kisu kikatolewa. Nzomo alikishika, akasimama mlangoni na beberu amelazwa mbele yake, na hakuchinja. Kila mtu alijua kwa nini. Ndugu anayechinja mlangoni pa nyumba amekiri kuwa ni nyumba ya ndugu yake, na hawezi kurudi tena nzama kusema imekufa. Akikataa, amejitoa katika neno la wazee, na siku yake ikifika hakuna atakayemsikiliza. Wazee hawakumhimiza. Mutindi aliegemea ukuta. Alisikia maji yakipita kwenye mfereji aliouchimba mwenyewe, na hakuweza kumtazama shemeji yake usoni, akamtazama mikono. Mikono ilikuwa na nyufa za mawe ya mlimani. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa akamhurumia kidogo.

"Shemeji," akasema polepole, "miwa ikikomaa, watoto wako wateremke wakate. Sijawahi kuwafukuza."

Nzomo alikishika kisu vizuri. Aliinama, akachinja.

Walikula ndani, wamekaa wakizunguka nguzo iliyong'aa mafuta, Musembi akipelekewa sehemu yake nje kwenye kibaraza. Mvua ikaanza tena, nzito, na kila mtu, bila kuambiwa, akaacha kutafuna, akatazama juu. Paa lilinguruma. Nguzo haikusogea. Wakaendelea kula.

Tone moja likaanguka juu ya upara wa Nzomo. Likafuatwa na la pili.

Mutindi alimsogezea kigoda kando. "Kaa huku, shemeji," akasema. "Hapo bado sijamaliza."